Duru ya Tatu

Kamba ya mashua inayoingia gati la Holmouth haiguswi na mtu yeyote ila mtunza nguzo. Hata ikikuangukia miguuni, hata ikikupita puani, unairuka na kwenda zako. Mtunza nguzo ndiye anayeiokota. Anaizungusha kwenye nguzo duru moja, duru mbili, na ya tatu anaipenyeza chini ya zile mbili ikakaza, kisha anapiga ukelele: "Imefungwa!" Hapo ndipo samaki wanapokuwa mali ya soko na wanunuzi wanaporuhusiwa kusogea. Kabla ya hapo, mashua ni mpita njia tu.

Msidhani watu waliamka siku moja wakaipenda sheria hiyo. Zamani vijana wa matajiri walikuwa wakigombania kamba kama mbwa wanaogombania utumbo, mpaka siku moja wakauana watatu palepale juu ya ngazi. Ndipo ikaandikwa: mnunuzi akigusa kamba kabla haijafungwa, mashua ile iko huru, ikauze inakotaka, na yeye mwenyewe marufuku kukanyaga sokoni mpaka Sikukuu ya Mtakatifu Martini, mwezi wa kumi na moja. Na kufika siku hiyo samaki wa heringi wamekwisha zao. Ilikuwa sheria kali, lakini kila mtu aliielewa, hata walevi.

Mtunza nguzo miaka ile alikuwa mwanamke, jina lake Hawis. Kazi ilikuwa ya mumewe. Tauni ilipomchukua, pamoja na nusu ya wanaume wa mji, baraza lilitazama huku na huku likakosa wa kumpa, likampa mjane "kwa muda." Muda wenyewe ulikuwa umefika miaka minane. Ujira wake ulikuwa kapu moja la heringi kwa kila mashua anayoifunga. Kapu hilo ndilo lililomlisha, ndilo lililomvisha, ndilo lililompa kile chumba chake nyuma ya kanisa. Hakuwa na shamba, hakuwa na mtoto. Alikuwa na mikono miwili tu, na mikono yenyewe ilikuwa migumu kuliko soli.

Alikuwa pia na mdogo wake, Ketel, lakini huyo alikuwa ng'ambo.

Ng'ambo ni Skelby. Mto pale mlangoni si mpana. Mtu wa Skelby akipiga chafya, wa Holmouth anaweza kumwombea heri. Lakini Holmouth wana hati ya mfalme yenye muhuri mkubwa kama sahani, inayosema kwamba heringi wote wanaoingia mlango ule watauzwa Holmouth. Skelby nao wanasema mto una kingo mbili na Mungu ndiye aliyeziumba zote. Hapo ndipo ugomvi ulipo, na haujaisha mpaka leo. Skelby walianza kushusha samaki upande wao, wachuuzi wa bara wakaja na mikokoteni, Holmouth wakapandwa na wazimu. Baraza likakaa. Aliyesema sana barazani siku hiyo ni Reyner Palling, tajiri mwenye maghala saba na merikebu mbili za kwenda kusini. Likatoka azimio: mashua yoyote ya Skelby itakayofungwa kwenye nguzo ya Holmouth imetaifishwa, chombo, nyavu na samaki.

Skelby walikuwa na mashua nne. Moja ilizama majira ya kuchipua. Mbili zilikimbilia Holmouth siku za dhoruba, zikafungwa, zikachukuliwa. Na aliyezifunga, aliyezungusha duru moja, mbili, tatu, akapiga ukelele wake kama alivyozoea, alikuwa Hawis. Ilikuwa kazi yake. Alijiambia hivyo usiku kucha na hakusinzia.

Tangu siku hiyo Ketel hakumwita dada tena. Walipokutana kwenye maziko ya mama yao alimpa mkono, akamtazama begani, akasema, "Pole, mtunza nguzo." Akapita kwenda kwa mwombolezaji mwingine. Neno hilo lilimkaa Hawis kooni kama mwiba wa samaki.

Basi Skelby ilibaki na mashua moja, ya Ketel. Nayo haikuwa yake peke yake. Ilikuwa ya nyumba sita. Ikienda hiyo, nyumba sita zitakula majani.

Sasa, wiki moja kabla ya siku ninayoisimulia, kulitokea kisa kidogo pale gatini. Mnunuzi mmoja mpole, Simon wa Thornage, aliona kamba imeangukia matopeni karibu na miguu ya Hawis. Akainyanyua kidogo kwa ncha ya fimbo yake, amrahisishie mama wa watu asiiname. Reyner Palling akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Ameigusa! Nyote mmeona!"

"Sikuigusa mimi," Simon akasema, "ni fimbo."

"Fimbo ya mtu ni mkono wake! Msimamizi, mtoe!"

Msimamizi wa soko alikuwa Osbert, mzee mwenye fimbo nyeupe ya mamlaka na tumbo linalomuuma kila Reyner anapopandisha sauti. Akamtoa Simon. Watu waliguna, lakini sheria ni sheria. Mashua ikawa huru, na kwa kuwa Simon hayupo ikamuuzia Reyner bila mpinzani. Akaenda zake akipiga mluzi.

Kisha, siku tatu kabla ya siku yenyewe, upepo wa kaskazini mashariki ulivuma bila kupumua. Hakuna mashua ya Holmouth iliyothubutu kutoka, hakuna iliyoingia. Mapipa ya Reyner yalipangwa gatini safu kwa safu, matupu, na chumvi ikaanza kuloa. Wanawake watumbuaji wa samaki walikaa juu ya mapipa yaliyofudikizwa, visu mapajani, wakitaniana ili wasahau njaa, maana mtumbuaji hulipwa kwa anachotumbua.

"Nyie, mwenzenu jana nimepika supu ya kamba ya mashua," akasema Golda, mkubwa wao, mwanamke wa mabega mapana na mdomo usio na komeo. "Na mume akasema ongeza chumvi."

"Ulimwongezea?"

"Nilimwongezea kofi."

Walikuwa bado wanacheka alipoinuka Golda mwenyewe, mkono juu ya macho. "Jamani. Mashua ile."

Hawis aliitambua kabla hajaambiwa. Kile kiraka cha kahawia cha tanga alikishona yeye, kwa sindano yake, enzi za mapatano. Mashua ilikuwa imezama mpaka karibu na ukingo kwa uzito wa samaki, na ilikuwa inakwenda upande upande kama mlevi. Usukani haukuwepo. Ketel alikuwa ameielekeza Skelby, yeyote angeliona hilo, lakini maji yalikuwa yanapwa, na maji yakipwa katika mlango ule huwa yanasukuma kila kitu upande wa Holmouth, kisha yanakitapika nje, kwenye fungu la mchanga. Na siku ile mawimbi juu ya fungu yalikuwa yanapasuka meupe, urefu wa nyumba.

Mashua ikaja moja kwa moja mbele ya nguzo. Ketel alikuwa amesimama omoni, mbele kabisa, kamba mkononi, haitupi.

Usiitupe, Hawis akasema moyoni. Ukiitupa umewapa mashua. Halafu akaona lile fungu, akaona wimbi linavyovunjika, akasikia kinywa chake mwenyewe kikipiga kelele: "Itupe! Itupe, mjinga wewe, utakufa!"

Akaitupa. Hawis akaidaka, akaizungusha duru moja, duru mbili, na kamba ikakaza mpaka ikapiga kelele. Nguzo ikanguruma. Mashua ikasimama katikati ya mkondo ikitikisika, maji yakipanda omoni. Mikono ya Hawis ilikuwa tayari imeanza safari ya duru ya tatu, maana mikono hiyo ilikuwa imefanya hivyo mara elfu nyingi bila kuuliza.

"Mtunza nguzo!" Ketel alikuwa ameinua shoka, makali juu ya kamba. "Ukipiga ya tatu, naikata! Mungu ni shahidi, naikata!"

Mmoja wa mabaharia wake akapaza sauti ya kilio. "Ketel, tuna watoto!"

"Ndiyo maana!" Ketel akamjibu bila kugeuka.

Hawis akaisimamisha mikono. Duru mbili. Akaukita mguu kwenye kitako cha nguzo, akaegemea nyuma, akashika. Duru mbili zinashika mashua, ndiyo, lakini mtu lazima avute mkia wa kamba, na nguzo ile ilikuwa imesuguliwa na kamba za miaka mia mpaka ikawa laini kama yai, na kamba yenyewe ilikuwa imelowa maji na mafuta ya heringi. Ilikuwa inateleza. Kila wimbi lilipoinyanyua mashua, iliteleza inchi moja mikononi mwake, na kila inchi iliondoka na ngozi.

Akatazama ngazi za gati. Zilikuwa kumi na tatu. Maji yakifika kupwa kabisa, ngazi ya kumi na tatu huonekana, yenye pete ya chuma, na hapo maji husimama. Yakisimama, mashua isiyo na usukani inaweza kuvukishwa kwa makasia. Zilikuwa zimeonekana kumi. Bado tatu. Muda wa misa nzima, pamoja na mahubiri.

Hapo ndipo Reyner Palling alipofika, glavu nyekundu mkononi, Osbert nyuma yake anahema.

"Heringi wamejaa mpaka ukingoni," Reyner akasema, na sauti yake ililainika kama ya mtu anayeona mtoto mchanga. "Mama Hawis, umefanya vizuri. Funga."

"Nafunga," Hawis akasema.

"Mbona umesimama?"

"Niko duru ya pili. Mimi mtu mzima, bwana, kazi naifanya polepole."

Wanawake wakacheka. Reyner hakucheka. Alimgeukia Osbert. "Mwamuru."

Osbert akajikohoza. "Hawis, mama, funga basi yaishe. Watu wamo hatarini."

"Wamo hatarini kwa nani?" Hawis alisema akiwa amekaza meno. "Mnamwona yule na shoka? Huyo tumenyonya ziwa moja. Akisema anakata, anakata. Nikipiga ya tatu nimeua watu sita. Sheria inasema nifunge kwa muda gani, Osbert? Nisomee."

Osbert akafikiri. Alikuwa mwoga, lakini hakuwa mwongo. "Haisemi," akajibu.

"Basi nyamaza."

Ngazi ya kumi na moja ikaonekana, ya kijani, yenye utelezi.

Mvua ikaanza. Kamba ikawa nzito zaidi. Hawis alihisi bega la kulia linataka kuchomoka mahali pake, na mguu aliokuwa ameukita ukaanza kutetemeka. Wimbi kubwa likaja, kamba ikamvuta mpaka kifua kikagonga nguzo. Watu wakapiga yowe. Akarudi nyuma hatua moja, kwa shida, akishika.

"Atashindwa," Reyner akasema kwa watu wote, mikono ameifungua kama padri. "Mnaona wenyewe. Kwa kiburi chake atawaua. Simameni mashahidi kwamba mimi nilitaka wafungwe, waokolewe."

"Uokoe nini, samaki?" Golda akamrushia. Akachomeka kisu mkandani, akaja nyuma ya Hawis, akamkumbatia kiunoni kwa ile mikono yake mipana.

"Ala! Usiiguse kamba!" Reyner akafoka.

"Nani kaigusa? Kamba yenu siitaki. Nimemshika Hawis. Au Hawis naye ana hati ya mfalme?"

Mwanamke mwingine akamshika Golda kiunoni, na mwingine akamshika huyo, mpaka ukawa mnyororo wa wanawake tisa waliojaa magamba ya samaki, wameegemea nyuma, visigino vimekita kwenye mawe. Kiuno cha Hawis kikasimama imara. Lakini kiuno si vidole. Kamba ilikuwa mikononi mwake peke yake, na huko hakuna wa kumsaidia.

Ngazi ya kumi na mbili.

Alijitazama mikono akaona kamba imekuwa nyekundu. Hakuhisi maumivu tena, na hilo ndilo lililomtisha. Mkono unaouma bado ni wako. Akajaribu kukaza vidole na havikumtii. Vilikuwa vinafunguka polepole, kimoja baada ya kingine, kama watu wanaotoka kanisani. Ngazi moja ilibaki. Hatafika. Alilijua hilo kwa hakika, kama mtu anavyojua amekosea njia.

Akamwangalia Ketel. Shoka lilikuwa bado juu.

Kisha akamwangalia Reyner. Tajiri alikuwa amesogea. Macho hayakuwa kwa Hawis, hayakuwa kwa watu waliomo majini. Yalikuwa kwa wale heringi wanaong'aa mpaka ukingoni, na alikuwa anajilamba midomo. Mkia wa kamba ulikuwa umelala juu ya mawe, mapindo mawili matatu, nusu hatua kutoka kwenye kiatu chake. Hawis alikuwa amemwona mtu huyu miaka minane. Alimwona akigombania pipa lililovunjika, akigombania kofia ya mtu aliyezama, akimfukuza mtoto kwa ajili ya samaki mmoja. Hakuwahi kumwona Reyner Palling akitazama kitu kinaondoka mbele yake akakiacha kiende.

Ee Mama Mtakatifu, akasema Hawis. Kama nimemjua vibaya, nimemuua ndugu yangu.

Akafungua mikono.

Kamba ikaruka. Pima nzima iliteleza, moshi ukatoka kwenye nguzo, mashua ikarudi nyuma kwa kishindo kuelekea mawimbi meupe, na Ketel akatoa sauti ambayo Hawis hakuwahi kuisikia tena tangu ndugu yake huyo alipoanguka kisimani akiwa na miaka mitano. Mkia wa kamba ukaanza kukimbia juu ya mawe kama nyoka.

Na kiatu cha Reyner Palling kikashuka juu yake. Pwaa! Kikashuka kwa nguvu zote, kisigino na vidole, na mwenyewe akapiga ukelele, "Shikaaa!"

Kamba ikasita. Papo hapo Hawis akaidaka tena, kwa viganja, kwa vifundo, kwa chochote kilichobaki, akaing'ang'ania kifuani. Mashua ikasimama.

Reyner alikuwa anatabasamu, mwenye raha ya mtu aliyewahi. Halafu akaona wanawake wanatazama wapi, akatazama na yeye, akakiona kiatu chake mwenyewe kiko juu ya kamba isiyofungwa.

"Lo!" Golda akasema taratibu.

"Sikuigusa." Reyner alikuwa amepauka. "Ni kiatu. Ni kiatu tu!"

"Fimbo ya mtu ni mkono wake!" mwanamke mmoja akapiga kelele kutoka mwisho wa mnyororo, na mara wote tisa wakapokea, na watu waliokuwa wamejazana gatini nao wakapokea, wapagazi, waunda mapipa, walevi wa kilabuni: "Fimbo ya mtu ni mkono wake! Fimbo ya mtu ni mkono wake!"

"Nimeokoa watu! Mmeona wenyewe, wangekufa! Osbert, nimeokoa watu sita!"

Na nitasema kweli, wako mpaka leo wanaosema kwamba aliwaokoa. Mimi sikatai. Bila kile kiatu wangekuwa chini ya fungu. Lakini kilichoupeleka mguu wake si watu, na yeye alijua, na kila mtu alijua.

Wote wakamgeukia Osbert. Alimtazama Reyner, ambaye angeweza kumfanya asile mkate wa mji ule tena. Alitazama ile fimbo nyeupe. Alionekana kama mtu anayeomba ardhi ipasuke immeze.

"Osbert," Reyner akasema kwa sauti ya chini. "Fikiri vizuri, mzee wangu."

"Nafikiri," Osbert akasema. "Namfikiria Simon. Simon alinipigia magoti, bwana Reyner. Na wewe ukasimama hapo ulipo ukaniambia sheria haina magoti." Akaiinua fimbo. "Mnunuzi ameigusa kamba kabla haijafungwa! Mashua iko huru, ikauze inakotaka! Reyner Palling hana nafasi sokoni mpaka Mtakatifu Martini!"

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Reyner akataka kuuondoa mguu.

"Usiuondoe, punguani!" watu wakamfokea. "Ngoja kwanza!"

Maana sasa kamba ilikuwa ya kila mtu. Mashua huru haina mtunza nguzo. Wanawake tisa wakamwachia Hawis, wakairukia kamba mbele yake na nyuma yake, wapagazi wakaja, hata mlevi mmoja akaja akashika mkono wa mwenzake akidhani ni kamba. Mikono arobaini. Uzito ukamtoka Hawis mwilini ghafla, akahisi kama anaelea.

Wakashika hivyo, wakitukanana kwa furaha, mpaka ngazi ya kumi na tatu ikachomoza majini na pete yake ya chuma. Povu likatulia. Maji yakasimama.

Ketel akashusha shoka. Mabaharia wake wakatoa makasia. Mashua sasa ilikuwa imesogea karibu na ngazi, na ndugu wale wawili wangeweza kusemeshana bila kupiga kelele.

"Uliniachia," Ketel akasema. Uso wake ulikuwa mweupe kama chumvi. "Nilikuona. Ulifungua mikono."

"Pima moja," Hawis akasema.

"Ungeniua."

"Ningekuua." Akaitazama mikono yake. "Sikuwa nimebakiwa na vidole, Ketel. Nilikuwa nimebakiwa na Reyner tu."

Ketel alitazama kiatu cha tajiri, alitazama nguzo, akahesabu zile duru mbili kwa macho. Alielewa. Akageuza uso akaanza kukusanya kamba upande wake, kwa haraka, kama mtu aliyeudhiwa nayo.

"Achieni!" Osbert akatangaza. "Iende salama!"

Watu wakaachia, mikono arobaini. Golda akazifungua zile duru mbili nguzoni. Kamba ikalegea, ikaanza kuingia majini, kisha ikakaza tena.

"Mtunza nguzo," Ketel akasema, "achia."

Hawis alikuwa bado ameishika. Alikuwa amesimama wima, kamba imebanwa kifuani, ngumi mbili nyeusi kwa damu na mafuta.

"Achia, maji yatageuka."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Vidole havitaki." Akajaribu kucheka. "Viambie wewe."

Golda akazishika ngumi zile, akazitazama kwa karibu. Alianza kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, taratibu, kwa mikono yake inayojua kufungua vitu. Kilipofunguka kilitoa sauti. Hawis akauma mdomo. Alijua tayari, hakuhitaji mtu amwambie. Mtunza nguzo asiyeweza kukunja kamba hana nguzo. Baraza litakaa Jumatatu, litasema pole, litamtafuta mwanamume. Hakuna kapu tena, na chumba nyuma ya kanisa nacho basi.

Kidole cha pili. Cha tatu. Kwenye mashua makasia yalikuwa yamesimama. Maji yalikuwa bado yametulia, lakini si kwa muda mrefu.

Ketel akaangusha mapindo ya kamba aliyokuwa amekusanya. Akaja ukingoni kabisa, akanyoosha mkono, ukafika karibu kuigusa ngazi ya chini.

"Dada," akasema.

Hawis akainua macho.

"Dada, usijiumize. Iache kamba mkononi. Njoo nayo tu, twende nyumbani."

Golda akaacha kufungua. Akamshika Hawis kiunoni kama mwanzo, safari hii kwa kumshusha, ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi na tatu. Ketel akampokea kwa mikono yote miwili, na kamba bado imo mkononi mwa dada yake.